Mdomo Bila Kisigino

Uligeuza uso. Usikatae. Kila anayeishi kando ya ule mteremko aligeuza uso, na shingo yako haikuumbwa tofauti na za wenzako. Gari la mawe liliposhuka asubuhi ile ya mvua, bila farasi hata mmoja mbele yake na mtu juu yake akipiga mayowe, wewe ulikumbuka ghafla kwamba kamba ya kiatu imelegea. Ukainama. Ulipoinuka mambo yalikuwa yamekwisha, na kiatu chako kilikuwa kimefungwa vizuri ajabu. Basi kaa kitako usimuliwe uliyoyaruka, na safari hii mikono yako iache magotini.

Pale machimboni palikuwa na mhunzi, mtu mfupi mwenye viganja vipana, ambaye watu walimwita Koleo kwa sababu akishika jambo haliachii. Karakana yake ilitazamana na zizi la farasi: tanuri, fuawe, mvukuto uliotiwa viraka, na ukuta mzima wa misumari iliyotundikwa vyuma. Kazi yake ilikuwa kuwapigilia farasi viatu na kuyatengeneza magari kumi na mawili yaliyoteremsha mawe ya kujengea kutoka kilimani hadi stesheni ya reli. Dada yake, aliyemfuata ziwa, aliolewa na dereva wa gari la saba. Dereva huyo aliitwa Mluzi, maana hakupata kumgusa farasi kwa mjeledi. Alipiga mluzi tu, na farasi wake wawili, mwekundu na jike mwenye baka jeupe usoni, walimwelewa kuliko watu wengi waliosomeshwa.

Zamani farasi walifungwa kwa pini. Mbele ya gari kuna ule mti mrefu unaopita katikati ya farasi wawili. Minyororo yao yote ilikusanywa kwenye pete moja, na pete ikashikwa kwenye mti kwa pini nene ya chuma. Mambo yakiwa shwari, pini ilichomoka kwa vidole viwili. Gari likianza kuwasukuma farasi, ilibana kama shahidi aliyekwisha kulipwa, nyundo haiitoi.

Miaka sita nyuma, siku ya Jumatatu, saa tatu kasorobo (wenye machimbo wamesahau, lakini wapo wasiosahau), gari la nne liliwashinda farasi wake kwenye kona ya ukuta. Farasi wawili walikufa. Dereva wao, mzee mmoja mwenye kikohozi, naye alikufa. Karani akaandika kurasa mbili kuhusu wale farasi: umri wao, meno yao, tabia yao njema. Mzee alipata mstari mmoja, na jina lake likakosewa. Ni jambo la kueleweka. Farasi hununuliwa, dereva huja mwenyewe getini, kofia mkononi.

Wiki ile ile likabandikwa tangazo: atakayebuni kiungo bora cha kufungia farasi, kinachoachia hata gari likiwa linasukuma, atatunukiwa.

Koleo alilifanyia kazi jambo hilo miezi minne. Alitengeneza taya mbili za chuma zinazoing'ata pete, zikashikwa pamoja na kipande kidogo kama ulimi. Kutoka kwenye ulimi ulitoka waya hadi kwenye kishikio kando ya kiti cha dereva. Ukivuta kishikio, ulimi unaruka, taya zinafunguka, na farasi wanakwenda zao na minyororo yao, hata gari lingesukuma namna gani. Sehemu hiyo aliiita mdomo.

Lakini Koleo hakuwa mjinga. Alijua gari lenye mawe, likiachwa na farasi mteremkoni, halitakaa kuwasubiri warudi. Breki ya mkono ya magari yale ilikuwa kipande cha mti kinachosugua gurudumu. Kwenye jua kilisaidia, kwenye mvua kiliteleza kama sabuni. Kwa hiyo akaongeza mnyororo kutoka mdomoni hadi nyuma, na mwisho wake kabari mbili nzito za chuma zenye meno. Mdomo ukifunguka, kabari zinaanguka chini ya magurudumu ya nyuma na gari linajikalia hapo hapo. Sehemu hiyo aliiita kisigino.

"Mdomo ukiachia, kisigino kinakanyaga," alimweleza Mluzi.

"Shemeji, hapo umenimaliza," Mluzi akasema. "Maana nyumbani kwangu mdomo ukiachia, anayekanyagwa ni mimi."

"Nitamwambia dada yangu."

"Mwambie. Ndiye aliyenifundisha kuruka."

Siku ya majaribio walikuja wanne: Tajiri mwenye machimbo, daktari wa wanyama, karani, na msimamizi aliyebeba mwamvuli ingawa kulikuwa na jua. Jaribio lilifanyika uwanjani mbele ya ofisi, palipotandazwa sawasawa kama meza ya chai. Gari lilikuwa tupu, kwa kuwa msimamizi hakutaka mawe yachafue uwanja.

Mluzi akapanda, akavuta kishikio. Tap! Farasi wakaondoka taratibu, wakatembea hadi kwenye ndoo ya maji. Wakubwa wakapiga makofi. Daktari akampapasa jike shingoni na kusema hajaona kitu cha huruma kama kile.

Tajiri akazunguka hadi nyuma ya gari. "Na haya machuma mazito ni ya nini?"

"Ya kulisimamisha gari, bwana," Koleo akajibu.

"Lakini gari limesimama."

"Limesimama kwa sababu hapa ni tambarare, bwana. Na halina mzigo."

"Fundi," msimamizi akaingilia, "sisi hatuna macho? Gari halikusogea hata inchi."

"Kule mteremkoni—"

"Kule mteremkoni machuma haya yatakula nafasi ya mawe mawili kila safari," Tajiri akasema kwa upole. "Huo mdomo ni kazi safi kabisa. Uwekwe kwenye magari yote. Hiki kisigino kitafikiriwa."

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo Koleo naye alipoinamia kiatu chake. Angeweza kusema, "Haviachani, bwana, ama vyote, ama hakuna." Alikuwa nayo maneno hayo, yalishafika kooni. Lakini karani alikuwa tayari ameleta cheti chenye muhuri mwekundu, mpiga picha akamsogeza kidogo kushoto, na mtu ambaye miaka ishirini alikuwa akiitwa "wewe hapo" akasikia anaitwa "mvumbuzi wetu." Alivishwa kilemba cha ukoka, na kilemba kikamkaa vizuri. Akatabasamu kwenye picha.

Mdomo ukawekwa kwenye magari kumi na mawili. Kando ya kila kiti msimamizi akapigilia kibao: DEREVA AKIONA HATARI, AVUTE KISHIKIO MARA MOJA KUOKOA FARASI. ATAKAYECHELEWA ATAACHISHWA KAZI. Maana yake dereva aliamriwa kwamba gari likianza kumzidi nguvu, akitupe kitu pekee kinacholizuia, kisha aketi pale pale na dhamiri safi.

Koleo aliuliza habari za kisigino mara ya kwanza. Kinafikiriwa. Mara ya pili baada ya mwezi. Kinafikiriwa. Mara ya tatu alikifunga mwenyewe kwenye gari la saba, la shemeji yake. Msimamizi akamwamuru akitoe kabla ya saa sita.

"Magari yote yafanane," msimamizi alisema. "Ukimpa mmoja, na wengine watataka."

"Na wakitaka?"

"Ndiyo hayo ninayokwambia."

Koleo akakifungua, akakitundika kwenye msumari karakanani, karibu na dirisha. Kila asubuhi Mluzi alipopita kuchukua farasi, alikigonga kwa kidole kikalia, na kusema, "Bado unafikiriwa, mzee?" Kisha akapanda gari lake na kwenda.

Mvua ilinyesha siku mbili. Siku ya tatu, saa mbili na nusu asubuhi, Koleo alikuwa anachonga ukwato wa farasi aliposikia kwato nyingine zinaingia getini. Zilikuwa kwato tupu, bila mlio wa magurudumu. Akainua kichwa. Walikuwa mwekundu na jike mwenye baka, bega kwa bega, minyororo ikiburuta nyuma yao kwa utaratibu, wakielekea kwenye hori kwa kuwa ndio muda wao wa kula.

Kwa pumzi moja, alifurahi. Kimefanya kazi, alijiambia. Aliwaza hivyo kabla hajawaza jingine lolote, na pumzi ile moja hajajisamehe hadi leo.

Pumzi ya pili ilimtoa mbio hadi barabarani, na aproni yake ya ngozi kiunoni. Alipita madirisha yenu yote. Mengine yalikuwa yanafungwa.

Mluzi alikuwa amevuta kishikio kama kibao kilivyoagiza. Gari likateremka naye hadi kwenye kona, likaupiga ukuta, na yeye akarushwa kwenye lundo la mchanga wa mafundi wa reli. Mchanga ulimwokoa. Jiwe moja lilimfuata na kumkuta mguu wa kulia. Jioni ile ile, pale hospitali, mguu ukakatwa chini ya goti.

Taarifa ya karani ilikuwa fupi: kiungo kilifanya kazi kama kilivyotarajiwa, farasi wote salama. Farasi wakavishwa utepe wa bluu na kupigwa picha. Na kwa kuwa machimbo yale hayakosi adabu, Mluzi aliporudishwa nyumbani baada ya wiki mbili msimamizi alimwendea na mwamvuli wake, akasimama mbele ya kitanda na kumsomea barua ya pongezi kwa uamuzi wake wa haraka.

"Soma kwa sauti kidogo, bwana," Mluzi akasema. "Mguu wangu wameupeleka mbali, na wenyewe ndio uliofanya kazi kubwa. Labda utasikia."

Msimamizi akaikunja barua, akaiacha juu ya stuli, akaaga. Koleo alibaki amekaa kwenye kizingiti, hana mbele wala nyuma. Dada yake alikuwa anasuuza vitambaa vya kidonda kwenye beseni. Hakumlilia wala hakumtukana, na hapo ndipo Koleo alipoogopa.

"Kaka," alisema bila kugeuka. "Kisigino kiko wapi?"

"Kimetundikwa."

"Wapi?"

"Karakanani. Kwenye msumari."

"Haya. Basi angalau msumari hautateleza."

Maji yalimwagwa, beseni likafunikwa. Mluzi akacheka kidogo, cheko la mtu anayeumwa. "Muache kakako, mama watoto. Ananitazama kama deni." Kisha akamgeukia. "Shemeji, mimi umekwisha kunikosa. Wapo kumi na mmoja wengine. Na yule wa gari la pili anaoa mwezi ujao, tena anaoa kwa miguu miwili."

Mazungumzo hayo yalikuwa jana. Leo ni Ijumaa, siku ya kupaka grisi viungo, kazi ambayo Koleo huifanya peke yake kabla madereva hawajafika. Alipita gari moja baada ya jingine. Kwenye kila mdomo alifungua skrubu moja, akatoa ulimi, akautia kwenye aproni. Pasipo ulimi taya hazifungi, na taya zisipofunga, hakuna farasi wa kufungwa. Alipomaliza alikwenda kuketi juu ya fuawe yake, aproni imemjaa kama mtu aliyetoka kuchuma matunda.

Madereva wakaja. "Koleo, ulimi wa gari langu uko wapi?"

"Huu hapa. Utaupata siku gari lako litakapopata kisigino."

"Unatutia matatani, ndugu."

"Matatani mko tangu mlipopewa kibao. Mimi nimeyasimamisha tu, msiteremke nayo."

Wakatazamana. Dereva wa gari la pili, yule bwana harusi, ndiye aliyekaa chini wa kwanza, mgongo ukutani. Wengine wakamfuata, kila mtu akijifanya amechoka tu.

Msimamizi akaja na uso mweusi kuliko mwamvuli. "Koleo! Rudisha vyuma hivyo sasa hivi. Unajua unachofanya?"

"Ndiyo, bwana. Ombi lako limefika."

"Na jibu?"

"Linafikiriwa."

Walicheka, wote kumi na mmoja, na kicheko hicho kilisikika hadi ofisini. Lakini kicheko hakizuii gari. Msimamizi ametuma mtu kwa mhunzi wa ng'ambo ya reli, na mhunzi huyo ameahidi kufika saa nane mchana na sanduku lake la vifaa. Ndimi kumi na moja ni kazi ya alasiri moja kwa mtu mwenye mkono mwepesi. Akiingia getini, magari yatatoka kabla jua halijazama, na Koleo atatoka pamoja nayo, kwa mlango mwingine.

Sasa ni saa tano. Una saa tatu.

Wewe mhunzi wa ng'ambo, kama haya yamekufikia: tundika nyundo yako, mwambie mjumbe una homa, ujifunike kabisa. Wewe mwenye duka hapo chini ya kona, lifunge, panda kilimani, ukae na madereva pale ukutani, pana nafasi. Wewe wa dirisha la ghorofani uliyelifunga asubuhi ile, lifungue, uite majirani kwa majina yao. Na wewe wa kiatu, kuinama unakujua sana: nenda ukainame chini ya kila gari litakaloletwa barabarani, utafute mnyororo unaotoka mdomoni hadi magurudumu ya nyuma. Usipouona, simama mbele ya farasi na usiwapishe.

Inuka. Kamba utaifunga njiani.