Aliyemjibu Mkwezi

Kila siku ya kazi, baada ya kuswali alfajiri, nilikuwa nikitoka uani na kipande cha kanga kuukuu kuipangusa baiskeli yangu umande. Nilianza na usukani, nikamalizia na kiti, kisha nikabonyeza magurudumu kwa kidole gumba kuona kama yana upepo. Mama alikuwa akinicheka, eti naikagua kama mtu anunuaye ng'ombe. Halafu nilifunga kapu la vitabu nyuma, nikamuaga, nikaondoka kabla mchanga wa njia haujapata joto.

Jumatatu ile nilifika kwenye ukuta wa jikoni, kipande cha kanga mkononi, nikakuta ukuta mtupu.

Niliipata nyuma ya nyumba, chini ya mnazi mrefu, imelala ubavu katikati ya nazi zilizotawanyika. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika, na spoki zimechomoza kama miiba ya samaki aliyekwisha kuliwa.

"Mama!"

Mama alitoka, akaweka mkono mdomoni. "Maskini! Ni huyo Randu na nazi zake."

Jana yake, Jumapili, Randu mkwezi alikuwa na zamu ya minazi yetu. Mimi nilikwenda arusini Bomani, nikarudi giza limekwisha kuingia, nikalala bila kuzunguka nyuma. Mama hakwenda. Alisema kichwa kinamuuma.

"Lakini niliiacha ukutani," nikasema. "Nani ameileta hapa?"

"Mimi sijui, mwanangu. Nilijilaza ndani mchana kutwa. Hata hizo nazi sikuzisikia zikianguka."

Mtu wa kwetu haachi kitu chini ya mnazi siku ya kuangua. Hata kuku tunawafukuza. Kwa hiyo baiskeli haikujipeleka pale. Kulikuwa na mkono wa mtu. Niliubeba mzigo ule wa wazo mpaka shuleni, kwa miguu, nikafika watoto wangu wa chekechea wamekwisha kuimba na kukaa.

Shule yenyewe iko upande wa ndani, barabara ya mchanga ambayo matatu haziifuati. Bodaboda zipo, lakini nikipanda kwenda na kurudi kila siku nitakuwa nafanya kazi ya kumlisha mwenye pikipiki. Nilikuwa bado katika miezi ya majaribio. Jioni ya Jumanne, nilipochelewa mara nyingine, mwalimu mkuu aliniita kando, akasema kwa ule upole unaoumiza kuliko ukali: "Mwalimu Twaiba, watoto wanakupenda. Lakini wiki ijayo nikikukosa tena asubuhi, nitamwita aliyekufuatia."

Aliyenifuatia katika usaili alikuwa Mwanasha, binti wa jirani yetu Bi Zainabu.

Na Bi Zainabu, ile Jumatatu, alikuwa amesimama kwenye ua wa makuti akinitazama nikiikokota baiskeli kwenda kwa fundi. "Pole, mwalimu," alisema. "Sasa kazi itakuwaje?" Nililigeuza lile swali njia nzima. Kwa nini aanze na kazi? Kwa nini asiulize kwanza kama nimeumia?

Fundi baiskeli wetu ni ami Kibwana, ana kibanda cha mabati njia panda ya Munje. Aliipindua baiskeli kichwa chini, akalizungusha gurudumu, nalo likagonga uma likakataa.

"Mwalimu, hili si gurudumu tena. Hili ni sambusa."

"Linafaa, ami?"

"Ringi mpya ipo Ukunda. Una uwezo nayo?"

Nilitazama chini. Mshahara wa mwezi ulikuwa haujaingia, na wa mwezi uliopita ulikwisha kuwa mabati ya jikoni.

"Basi tusiitaje," akasema, kama mtu anayeniondolea aibu. "Hii nitailaza chini niinyooshe kwa mguu na nyundo ya mti. Spoki nitachuma kwenye magurudumu mabovu niliyonayo. Itakuwa na kovu, lakini itakwenda. Njoo kesho kutwa."

"Fanya uonavyo, ami."

Jumatano nikitoka shule, vumbi mpaka magotini, nilipita kwake. Kabla sijafika niliuona mgongo wa Mama. Alikuwa ameinama kwenye mlango wa kibanda, leso ameishika chini ya kidevu, anasema jambo kwa sauti ndogo. Mama yangu, ambaye tangu mfungo ulipokwisha husema hata dukani hafiki, miguu haina nguvu. Ami Kibwana ndiye aliyeniona. Akakohoa. Mama akageuka.

"Nilikuwa napita tu," akasema.

Anapita kwenda wapi? Sikuuliza. Mimi ndivyo nilivyo, swali hunikaa kooni mpaka linapoa. Nilitazama baiskeli badala yake. Gurudumu la mbele halikuwepo. Na kengele yangu pia haikuwepo.

"Spoki hazikutosha," ami Kibwana alisema upesi. "Kengele nimeibadilisha kwa spoki na jamaa mmoja wa Bomani. Si ulisema nifanye nionavyo? Gurudumu lipo ndani, lakini bado. Tuseme... wiki ijayo, katikati."

"Wiki ijayo, ami? Ulisema kesho kutwa."

"Kazi ya kunyoosha haitaki haraka, mwalimu. Ukiiharakisha inavunjika."

Hakunitazama usoni aliposema. Ami Kibwana, anayemtania hata kadhi! Usiku ule nilikula bila kuonja. Leo kengele, kesho kiti, keshokutwa nitaambiwa fremu nayo imebadilishwa na spoki. Na Mama je? Au anaiuza baiskeli bila kuniambia? Alikuwa ameketi ng'ambo ya sinia, ananimegea samaki, ananiwekea upande wangu sehemu isiyo na miiba, na mimi namtazama vidole kama natazama vidole vya mgeni. Nilijiona mbaya. Lakini sikuacha kutazama.

Randu alirudi Alhamisi. Jumapili ile ile, baada ya kuangua, alikwenda kwa ndugu yake Samburu kwa shughuli za mbuzi, na safari hiyo nilikuwa nimeiita kutoroka. Nilimkuta njiani jioni, kamba ya kukwelea begani.

"Dada Twaiba," akaanza yeye kabla sijamsalimu, "nimekuwa nikikukumbuka kwa haya. Ile baiskeli, wallahi sikuiona. Juu kule makuti yanakuziba. Macho ya mkwezi ni mtu aliye chini."

"Na hukuita?"

Alisimama kama mtu niliyemtusi. "Mimi? Niangue bila kuita? Nipo juu ya mnazi tangu sijaota ndevu! Niliita, 'Chini kuna kitu?' Nikangoja. Nikajibiwa, 'Hakuna, angua!' Ndipo nikakata kole la nazi."

Ndivyo inavyofanywa kwetu. Mkwezi haachii nazi mpaka mtu wa nyumba ile amjibu, na ukishamjibu, kitakachotokea chini ni chako.

"Nani alikujibu?"

"Sauti ya mwanamke. Sikumwona. Niliposhuka nikaona nilichofanya, nikapiga hodi, nikapiga hodi, kimya. Nikaona haya. Nikachukua nazi zangu za ukwezi nikaondoka. Unisamehe."

Sauti ya mwanamke. Moyo wangu ulifika kwa Bi Zainabu kabla ya miguu. Nilimkuta anapepeta mchele mlangoni.

"Shikamoo, Bi Zainabu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Starehe. Nilikuwa nauliza tu... Jumapili mlikuwepo hapa?"

"Jumapili? Jumapili mimi na Mwanasha tulikuwa Kombani na maembe yetu tangu jogoo la kwanza. Tumerudi usiku, na maembe nusu tumerudi nayo." Akaacha kupepeta. "Mbona waniuliza kama askari? Umepotelewa na nini?"

"Hapana, bi."

"Haya. Mwambie mama yako nimemuulizia. Siku hizi hatoki. Namuona akishika ukuta tu kama mtu aliye ndani ya gari linaloyumba. Ile siku nilipokuuliza kazi itakuwaje, nilitaka kusema na hilo, lakini wewe ukapita kama upepo."

Nilishukuru, nikaondoka, masikio yanawaka moto. Uani kwetu siku ile kulikuwa na mwanamke mmoja tu.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda njia panda, nikaingia ndani ya kibanda cha ami Kibwana bila hata hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mtu yeyote. Gurudumu langu lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya gunia. Nililizungusha. Likazunguka, likazunguka, kimya, na kijikovu kimoja kikipita na kurudi. Hakuna kilichogonga.

"Lilikwisha lini, ami?"

Alifuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Jana asubuhi."

"Na wiki ijayo ya nini?"

"Mwalimu, kuna watu ambao mtu hawezi kuwaambia hapana. Nimeombwa nisiharakishe. Sikuulizia sababu, maana aliyeniomba alikuwa analia." Akalitoa gurudumu msumarini, akalipachika, akakaza nati zote mbili mbele yangu. "Chukua. Hili lisije likanilala mimi rohoni."

Niliendesha mpaka nyumbani. Usukani ulikuwa unavuta kidogo kushoto, ukiuzoea hauutambui.

Mama alikuwa jikoni juu ya kibao cha mbuzi, anakuna nazi. Aliinua macho, akaona baiskeli, akaona ninavyoishika. Akaendelea kukuna.

"Fundi amemaliza mapema," akasema.

"Amemaliza jana."

Kru, kru, kru. Machicha meupe yakianguka kwenye sahani.

"Randu naye amerudi," nikasema.

"Amepata mbuzi?"

"Sikumuuliza mbuzi, Mama. Ameniambia aliita. Akajibiwa."

Mkono ukasimama. Kifuu cha nazi kikabaki kimeegemea meno ya chuma. Nilitaka aniambie Randu ni mwongo, na angesema hivyo ningemwamini. Ningemwamini Mama, nimchukie Randu, tule wali wetu.

"Nilikuwa naisogeza tu," akasema, kama anayekiambia kile kifuu. "Nilitaka kukaa pale ukutani, kwenye kivuli. Nikaipeleka nyuma. Kisha Randu akaita kutoka juu. Na mimi niliiona, Twaiba. Niliiona pale ilipo. Mdomo ukajibu."

"Kwa nini, Mama? Uliuza vitenge vyako nisome. Umenishonea hata kapu la vitabu. Watanitoa kazini."

"Najua."

"Mwanasha ataichukua."

"Najua, mwanangu."

"Basi hutaki nifanye kazi? Sema tu. Ni maneno ya watu? Kuna mtu amekuja kuniposa?"

Alicheka kidogo, cheko lisilo na pumzi. "Angekuja mposaji ningempa baiskeli akuendeshe." Halafu uso wake ukaanza kukunjamana, akaufunika kwa leso, na mimi nikapiga magoti kwenye machicha, nikamshika vifundo vya miguu. Kwa mara ya kwanza niliona mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, na kwenye muundi wa mguu kovu jipya ambalo halikuwepo wakati wa mfungo.

"Hili limetoka wapi?"

Aliuvuta mguu. Nje, kuku walikuwa wanapanda kulala. Mara hii swali lilikuwa limekwisha kunitoka, na sikulirudisha.

"Nilianguka bafuni," Mama akasema. "Siku ile uliyokuwa na mkutano wa wazazi. Niliona giza tu. Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limefika kizingitini, na mlango niliufunga kwa ndani. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikajiinua mwenyewe, nikaoga, nikapika. Ukaja ukala, ukaniambia wali mtamu."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia ungeacha kazi. Na mimi sitaki uache kazi." Alitoa leso usoni. Alinitazama jinsi ambavyo hakuwa amenitazama tangu Jumatatu. "Sitaki uache, na sitaki uende. Naogopa, Twaiba. Naogopa kuanguka tena na wewe hupo."