Bei Niliyoibeba Mgongoni Hadi Ilula

Usiku wa jana niliota kirikuu changu kimevaa shati langu la mahakamani, kimekaa sebuleni, kinamweleza mke wangu kwamba chenyewe hakijahukumiwa.

"Aliyehukumiwa ni Festo," kinasema. "Mimi nilikuwa naendeshwa tu."

Vumilia, mke wangu, anakimiminia chai. Anatumia kikombe kile kinachotoka kabatini akija padri. "Ni kweli, shemeji," anakijibu, wala hanitazami. Mimi nimesimama mlangoni kwangu, nasubiri kukaribishwa.

Hapa niseme mambo yalivyo, maana ndoto haikunipa nafasi. Kirikuu ni kale kagari kadogo ka mizigo, na changu hubeba vitunguu kutoka Ilula na vijiji vya jirani hadi sokoni Iringa mjini. Miezi sita iliyopita nilihukumiwa kwa kuendesha nikiwa nimelewa. Leseni inarudi wiki hii, lakini bima ya gari ilishakwisha, na kila wakala wa bima ninayemwendea, akishasoma hukumu yangu, ananitajia bei ya kununulia gari jingine. Vumilia amechoka kukodi magari ya watu. Amesema Jumamosi ikifika kirikuu hakina bima, mnunuzi wa Makambako anakuja kukichukua. Vumilia hasemi jambo mara mbili, kwa hiyo nililala vibaya.

"Nenda ukatafute bima," kirikuu kinaniambia, kinapuliza chai.

"Twende wote."

"Mimi sina bima. Siruhusiwi kuingia barabarani."

"Niende kwa miguu?"

"Miguu haikatiwi bima. Ila usiikimbize, maana nakujua."

Navuka kizingiti cha nyumba yangu, na papo hapo niko ofisini. Nyuma ya meza ameketi Mhuri, ule wa mpini wa mbao, amefunga tai. Ananiambia nipange foleni. Namwambia niko peke yangu. Anasema nipange hivyo hivyo. Napanga, nakuwa wa nne.

Zamu yangu inafika baada ya muda mrefu.

"Jina?"

"Festo Luvanda."

"Kosa?"

"Nilikunywa mtogwa."

Kwa wasio wa Iringa nieleze kidogo. Ulanzi ni pombe ya mianzi. Mwanzi mchanga hukatwa ncha, maji yake yakadondoka kwenye chombo. Yakinywewa yangali mapya na matamu, huo ni mtogwa, hata bibi zetu wanaunywa wakitoka kanisani. Yakikaa, yanachachuka yenyewe bila kuongezwa kitu, yanakuwa mkangafu, na mkangafu hauna mchezo. Sasa kwetu sisi, kila mlevi aliyekamatwa alikunywa mtogwa. Hata mimi mahakamani nilieleza kwamba niliunywa asubuhi ukiwa mtogwa, ukachachukia tumboni njiani, nami sikupewa taarifa. Hakimu, ambaye ni mtu wa Mufindi na anaujua ulanzi kunishinda, aliuliza kama tumbo langu lina kibali cha kutengeneza pombe. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo halikunisaidia.

Mhuri hacheki. Anageuka na kuita, "Bei, njoo."

Mlango wa nyuma unafunguka, anaingia mnyama mdogo, kiasi cha paka, amevaa sweta. Anapanda kwenye kiti cha pembeni yangu na kukaa kwa adabu.

"Kamwene," ananiamkia, kama tunavyoamkiana kwetu.

"Kamwene," naitikia. Nampenda papo hapo. Ni bei ndogo, safi, yenye malezi. "Hii ndiyo yangu?"

"Ndiyo ya kuanzia," anasema Mhuri. "Huo mtogwa ulikunywa kiasi gani?"

"Vikombe viwili."

Bei inakua, inakuwa kama mbuzi. Sweta linaanza kuibana kwapani.

"Mbona inakua?"

"Inakusikiliza."

"Vilikuwa vikombe vidogo."

Sasa ni ndama. Kiti kinavunjika chini yake, inasimama na kujikung'uta.

"Ndugu, naomba usiseme tena," Bei inaniambia kwa upole. "Hili sweta nimeazima."

Mhuri anaendelea. "Uligonga nini?"

"Meza."

"Ya nani?"

"Ya mtu."

Mgongo wa Bei unagusa dari. Taa inazimika upande mmoja wa ofisi, na sweta linapasuka taratibu, uzi baada ya uzi, sote tukitazama.

Mtu huyo anaitwa Mama Blandina Kikoti, anauza nyanya kando ya barabara pale Ilula. Siku ile aliruka pembeni. Angechelewa kidogo, leo nisingekuwa naota habari za bima, ningekuwa naota mambo mengine, na mahali pengine. Tangu hukumu sijaenda kumwona. Basi likipita Ilula nainama nafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe ni vya kutumbukiza. Naona aibu kulisema hili hata nikiwa macho.

"Unataka bima kubwa au ndogo?" anauliza Mhuri.

"Ndogo."

"Bima ndogo inamlinda Mtu wa Tatu. Wa kwanza ni wewe, wa pili ni sisi, wa tatu ni yule utakayemgonga. Mnafahamiana?"

"Si ni mtu yeyote tu?"

"Hakuna mtu anayeitwa Yeyote. Mpelekee Bei yako aione. Akiridhika ataweka dole gumba, na bei itabaki vile alivyoiona yeye. Asiporidhika, utakuja nayo hivi hivi ilivyo."

"Naipelekaje?"

"Kila mtu anabeba ya kwake," anasema Mhuri. Kisha anaruka juu, anatua kichwa chini mezani, na ofisi inafungwa.

Nikaibeba mgongoni. Miguu yake ya nyuma ilikuwa inaburuta chini, na pumzi yake ilinipiga shingoni, pumzi ya mtu aliyekula vizuri. Ukuta wa ofisi ulikuwa umekwisha bila mimi kuona. Nilikuwa natembea ndani ya mianzi, na kwenye kila mwanzi kimening'inia chombo kinachodondokewa.

"Festo," vyombo vinaniita. "Unatupita kama hutujui?"

"Nina mzigo."

"Onja kidogo uvute nguvu. Ni mtogwa."

Bei inasogeza mdomo sikioni kwangu. "Wanasema ni mtogwa."

"Nimesikia."

"Ni mtogwa?"

Nasimama. Hakuna mtu wa kunisikia ila mianzi na huyu niliyembeba. "Ni mkangafu," nasema. "Na siku ile ulikuwa mkangafu. Niliunusa kabla sijashika kikombe."

"Vikombe viwili?"

"Cha tano sikukimaliza."

"Kwa nini hukukimaliza?"

"Kilimwagika. Sikukiona vizuri."

 Baada ya hatua chache nasikia miguu ya Bei haiburuti tena. Natembea, inapungua; natembea tena, inapungua, mpaka imekuwa mbuzi wa kawaida anayelala mgongoni mwa mtu. Sikujua kama kusema kweli kunapumzisha mgongo kiasi hicho. Ningejua, ningeanza mapema, maana mgongo wangu unauma tangu Februari.

Mianzi ikaisha, ikaanza lami, na hapo ni Ilula. Meza za nyanya zimepangwa kando ya barabara, zote hazina watu isipokuwa moja. Mwanamke amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, amenipa mgongo. Amevaa kizibao cha kuakisi mwanga kama cha trafiki, kimeandikwa MTU WA TATU.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Wewe ndiye unayenikatia bima?"

"Ndiye."

"Miaka tisa unanikatia. Hujawahi kuja kunisalimia."

"Sikujua unakaa wapi, mama."

"Nakaa hapa hapa barabarani. Unanipita kila siku ya soko."

Anageuka, naye ni Mama Blandina. Nyanya zake zimepangwa vizuri kwa mafungu, lakini meza ina miguu mitatu. Mahali pa mguu wa nne ameweka goti lake.

"Umekaa hivyo tangu lini?" namuuliza.

"Tangu ulipopita. Nikiondoa goti, nyanya zinamwagika."

Nilitaka kusema neno la maana, na kilichotoka ni hiki: "Lakini mahakamani niliomba msamaha."

"Ulimwomba hakimu," anasema Mama Blandina. "Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yako. Hukugeuka."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia njia ya kwenda zahanati. Nikaishusha Bei chini, nikavua kofia, ambayo mpaka hapo sikujua nimeivaa.

"Mama, nilikuwa nimelewa. Niliona meza mbili. Nikaamua kupita katikati."

"Katikati ndipo nilipokuwa mimi."

"Ndiyo. Nilikuona nimekaribia sana. Kila siku nakuona ukiruka. Naomba unisamehe, mama yangu."

Bei inatazama huku na huku kwa adabu, kama mgeni aliyekuta wenyeji wanazungumza mambo ya nyumbani.

"Shika meza kwanza," anasema Mama Blandina.

Napiga goti, naweka langu mahali pa lake. Meza ni nzito kuliko nilivyodhani. Mama Blandina anasimama, na viungo vyake vinalia kimoja kimoja, na anajinyoosha kwa muda mrefu huku akitazama barabara pande zote mbili. Kisha anaikagua Bei. Anaibonyeza shingoni, anaibonyeza tumboni, kama anavyobonyeza nyanya za mkulima asiyemwamini.

"Hii inabebeka," anasema. Na ndivyo inavyokuwa: inajikunja, inakuwa paka tena, haina sweta, inaonekana inasikia baridi.

"Niweke dole wapi?"

"Karatasi sikupewa."

"Na wino?"

"Sikupewa pia."

"Mlinitumia mtu wa namna gani," anasema Mama Blandina, sijui akimwambia nani. Anainama, anachovya dole gumba kwenye udongo mwekundu uliolowa. "Inama na wewe."

Nainama, goti likiwa bado chini ya meza. Ananibandika dole lake kwenye paji la uso na kulikandamiza, polepole, mpaka nasikia mistari yake.

"Hili ni la ndotoni," anasema. "Usije ukalipeleka kwa mawakala ukajidai nalo. Meza haishikwi na ndoto. Uje mwenyewe, na misumari ya inchi tatu."

Nikaamka.

Kumekucha. Vumilia amesimama mlangoni mwa chumba na ufagio mkononi, ananitazama kwa namna ambayo hajanitazama siku nyingi.

"Una nini usoni?" ananiuliza.

Nikaenda kwenye kioo. Katikati ya paji langu kuna alama ya udongo mwekundu, ya duara ndefu, mistari yake inaonekana yote. Nikaweka dole gumba langu juu yake. Langu ni kubwa mno, limeifunika alama yote na kupita. Vumilia akaja akaweka la kwake bila kuambiwa, nalo halikulingana, kwa sababu la kwake lina kovu la kisu na ile alama haina kovu. Tukatazamana ndani ya kioo.

Alilowanisha ncha ya kitenge chake ili anifute. Nikamshika mkono.

"Acha. Kwanza mwenyewe akalione."

"Mwenyewe nani?"

"Mama Blandina wa Ilula. Nakwenda leo."

Miezi sita jina hilo halikuwa limetajwa ndani ya nyumba yetu. Vumilia aliachia kitenge, akaegemeza ufagio ukutani, akakaa kitandani kana kwamba yeye ndiye aliyetoka safari.

"Nyundo iko uvunguni," alisema. "Na misumari nilishanunua, ya inchi tatu. Iko hapo tangu Machi."