Sindano ya Noela

Noela alifungua pochi, akatoa karatasi ya chooni iliyokunjwakunjwa. Ndani yake mlikuwa na sindano mpya ya kushonea nywele za wivingi.

"Tumia hii, dada Idda. Nimekuja nayo."

Hakumtazama usoni. Alisema akitazama kioo, na hata kwenye kioo macho yalikwenda pembeni. Mistari ya chini kichwani kwake ilikuwa imeshasukwa, bado kushona tu, na kesho kwaya yake inaimba mbele ya askofu. Idda aliipokea ile sindano kama mtu aliyekabidhiwa panya mfu. Mezani, kwenye chupa ya spiriti, sindano zake mwenyewe zilikuwa zimelala zinameta, kama zilivyolala miaka yote pale saluni, mtaa wa Ramadhani.

Akaelewa. Na alipoelewa, masikio yakamchemka.

Mambo yalianzia kichwani kwake mwenyewe. Nywele za mbele na za juu ya masikio zilianza kumkimbia, paji la uso likawa linapanda tu. Alipaka maji ya vitunguu, akapaka mafuta ya nyonyo, akapaka na uchafu wa jamaa mmoja wa mnadani ulionuka kama petroli. Wapi. Mwisho akavaa wigi, akapanda gari kwenda Makambako kwa daktari wa ngozi, maana msusi akionekana hapa Njombe anatibiwa kipara, nani atakalia kiti chake? Daktari akamwambia nywele zimevutwa mno kwa kusukwa. Aache kubana, apake dawa ya maji kila jioni, ameze na kidonge kila siku. Akamwonya kwamba mwanzoni zitapukutika zaidi, asiogope, zitaota polepole.

Kosa lake lilikuwa hilo gari la Makambako. Njombe kila mtu anajua ni mgonjwa gani anayeiruka hospitali ya kwao akachukue vidonge mji mwingine. Noela, aliyekuwa huko kufuata mzigo wa duka, alimwona kwenye dirisha la dawa. Kisha nywele zikapukutika kama daktari alivyosema, mtaa ukajijumlishia wenyewe: Idda ameanza dawa. Huku ukisema hivyo, hakuna anayeuliza dawa ya nini. Ni za virusi, basi. Wateja wakapungua. Huyu anauguza, yule kapata msiba, na wote wakawa wanapita nje na vichwa vipya vilivyosukwa kwingine.

"Usikasirike, dada," Noela alisema. "Tunakuombea. Siku hizi watu wanaishi nayo vizuri tu."

"Nayo nini?"

Noela akakivuta kilemba chake kutoka mezani.

"Sema. Nayo nini?"

Mkono wa Idda ulikuwa umeshaingia chini ya meza, ukashika boksi la dawa ya kupaka, lenye picha ya kichwa kilichojaa nywele. Alitoe, aseme ni za nywele tu, na yaishe.

Nyuma ya pazia, Dafroza aliacha kukamua taulo. Yeye na Idda walichangia saluni hiyo tangu ikiwa kibanda cha mabanzi. Dafroza alikuwa akimeza zile zenyewe, za virusi, kila asubuhi na chai yake, na aliyejua ni Idda peke yake.

Ni za nywele tu. Hiyo "tu" ingemwangukia nani?

Idda akaliacha boksi. Akairudisha sindano kwenye karatasi yake, akaiweka mapajani pa Noela.

"Nimekushona tangu ukiwa mchumba wa Remmy. Nimewahi kukuchoma?"

"Hapana, dada."

"Basi usisingizie sindano. Ungesema tu kwamba unaniogopa."

Akavua wigi, akalitupa mezani. Akatoa kidonge, akakimeza kwa chai ya kikombe chake, mbele ya kioo, bila haraka.

"Ndiyo, nimeanza dawa. Nameza kila siku. Na nashona kwa sindano zangu. Unashonwa au unakwenda?"

Noela alikuwa bado amekishika kilemba mkononi, hajakifunga. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Dafroza akatoka nyuma ya pazia, mikono inachuruzika maji, akakichukua kikombe cha Idda, akanywa chai iliyobaki palepale midomo ya mwenzake ilipogusa. Kwenye kioo, juu ya sikio la Idda, vinywele vipya, laini kama manyoya ya kifaranga, vilisimama kwa baridi. Noela alikuwa anavitazama.