Kikohozi cha Athanase

Tangu siku walipomzika Athanase, mashine yake ya kusaga mihogo pale Ngungu ilianza kukohoa. Ilikohoa mara tatu kabla ya kuwaka, kikohozi kikavu, kama alivyokohoa mwenyewe kila asubuhi miezi yake ya mwisho. Wanawake wenye beseni za mihogo walijifanya hawasikii. Lakini mjane wake, Mukasine, kila siku aliwahi kufika kabla yao, akainamia injini na kunong'ona, kama alivyomwita mumewe akiwa hai, "Papa Olga, umeamka?" Kisha aliiwasha, nayo ikamjibu.

Siku mashine ilipojaza kibanda moshi, wanawake walimwita fundi Nizeyimana. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Kilitoka na tone moja jeusi.

"Mama, injini imekauka! Uliweka mafuta lini?"

"Mafuta ya marki ya marehemu haifike tena huku. Na yeye alikatazaka kubadilisha."

"Kubadilisha marki haiue injini, Mama. Unamwaga ya zamani yote, unaweka mupya ya kipimo kile kile. Kukauka njo kunaua."

Mukasine alijua hilo tangu zamani.

Fundi akamwaga tope lililobaki, akajaza mafuta ya chapa nyingine, akazungusha manivela, ule mkono wa kuwashia. Injini ikashika mara moja, ikanguruma laini. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mukasine akatega sikio karibu na chuma, akangoja.

"Zima," akasema. "Zima, uwashe tena."

Ikawaka tena, safi kabisa, kama mashine ya mtu mwingine.