Mlio wa Kwanza

Kwa miaka thelathini na mitano Mama Pindo alifanya kazi kwa masikio. Cherehani ikiimba, anaendelea. Ikilia "tak", ujue sindano imegonga chuma, na kabla hajafikiri mguu umeshaacha pedali, mkono umeshavuta kitambaa. Ndivyo alivyookoa magauni ya watu. Jina lenyewe alipewa na wateja, kwa kuwa pindo zake zilinyooka kama zimechorwa kwa rula.

Baridi yabisi ilipomvamia vidole, cherehani ilifunikwa shuka. Sindano aliyobaki nayo ikawa moja tu, ya kujidunga pajani kila Alhamisi asubuhi. Ilikuwa kama kalamu nene, dawa imo ndani, ncha imejificha. Unavua kifuniko, unaikandamiza pajani, unabonyeza kitufe, inajichoma yenyewe. Alifundishwa mara moja, miezi mitatu iliyopita, siku ambayo foleni ya kliniki ilifika hadi getini. "Usikie mlio ndiyo utoe," mhudumu alimwambia, akaita mwingine.

Nyumbani alikuwa na Kitinda, binti yake wa mwisho, mpima ardhi. Miaka miwili binti huyo alikaa bila kazi ya maana kwa ajili ya kumuuguza. Sasa alikuwa amepata: barabara mpya, mbali, kulala kambini, kuripoti Jumatatu.

"Nikijua unajidunga mwenyewe, naondoka," alisema. "Ukishindwa, siendi. Na usinidanganye, mama."

"Nikudanganye na uzee huu?"

Tangu afundishwe, kila Alhamisi Mama Pindo alifunga mlango wa chumba. Akikandamiza, akibonyeza, tak! Anatoa. Na kila mara majimaji yalimtiririka pajani hadi gotini. Mwanzoni alijiambia ni masalio tu, kama mafuta yanayozidi kwenye mashine. Baadaye hakujiambia kitu. Aliyafuta kwa kipande cha kitambaa, akatoka.

"Tayari?"

"Zamani! Ulidhani nimelala?"

Lakini vidole vilizidi kuvimba. Kitinda akaanza kumwachia kifuniko cha chupa ya chai kimelegezwa, na vifungo vya blauzi vimefungwa nusu ili aivae kwa kuipitisha kichwani. Mama Pindo aliyaona yote. Hakushukuru, maana kushukuru kungekuwa kukiri.

Alhamisi hii ilikuwa siku ya kliniki. Kitinda alibaki nje. Ndani, mzee mmoja kwenye foleni alipakata mfuko wake ili Mama Pindo apate pa kukaa, na muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa.

"Mama, damu inaonyesha ugonjwa bado unawaka. Daktari anafikiria kuiacha dawa hii. Kabla hajaiacha, hebu nionyeshe unavyojidunga." Akampa sindano ya mazoezi, isiyo na ncha wala dawa.

Mama Pindo akaikandamiza pajani, akabonyeza. Tak. Mkono ukaruka.

"Mbona umetoa?"

"Si imelia?"

"Huo ni mlio wa kuanza, mama. Dawa ndiyo kwanza inaingia. Unashikilia, unahesabu polepole kama kumi na tano, inalia mara ya pili. Hapo ndipo unatoa."

"Mara ya pili?" Mama Pindo aliitazama ile kalamu kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Mimi niliambiwa mlio. Sikuambiwa mingapi."

"Huwa unaona majimaji?"

Alilifunika paja. "Naona."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani? Aliyepo nyumbani ana safari."

Muuguzi hakumfokea. Alivuta kiti chake karibu. "Kosa lilianzia kwetu, mama. Halikuanzia kwako."

"Basi sasa najua. Nipe tena."

Tak. Mkono ulitaka kuruka, akaukataza. Moja, mbili, tatu. Kwenye saba kidole gumba kilianza kutetemeka. Kwenye kumi vidole vilifunguka vyenyewe, kimoja kimoja, kalamu ikaanguka sakafuni. Akajaribu mkono wa kushoto, akaishia nane. Wote wawili walijua: miezi mitatu nyuma vidole hivi vingefika kumi na tano.

"Dawa haiachwi," muuguzi alisema. "Ikiingia yote itafanya kazi, na mikono huenda ikapata nguvu kiasi. Itachukua miezi. Kwa sasa udungwe na mtu."

"Usiandike hivyo kwenye cheti, mwanangu. Yule anasoma kila kitu."

"Siwezi kuandika uongo, mama. Ila sitakuwa mimi wa kumwambia. Mwambie wewe."

Nje, Kitinda alisimama. Alikuwa amevaa buti mpya za kazini, ili miguu izizoee.

"Wamesemaje?"

Jibu la "Wamesema vizuri" lilikuwa limeshafika ulimini. Mama Pindo akalimeza.

"Nimekudanganya," akasema. "Alhamisi kumi na mbili." Akamweleza yote: mlio, majimaji, kile kitambaa.

Kitinda alicheka kidogo. "Cherehani imekuponza, mama." Kicheko hakikumalizika. Akaziangalia buti zake. "Ningefungua ule mlango siku moja tu."

"Labda jirani atanidunga."

"Jirani yupi? Fundi viatu, anayezimia akijikata kidole?"

"Au niwe nakuja hapa."

"Mabasi mawili, kila wiki, na magoti hayo?" Akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Nikifika nyumbani nitawapigia wale wa barabara. Watafute mtu mwingine."

"Kitinda."

"Twende, mama, jua linakuwa kali."

Wakaondoka. Binti alipita upande wa magari, akipunguza hatua zilingane na za mama yake. Njia nzima Mama Pindo alisubiri kugombezwa. Kitinda hakumgombeza. Alimshika kiwiko tu, pale pasipouma.