Kanzu Iliyonisaili

Usiku wa kuamkia leo nimeota nasailiwa na kanzu. Msicheke kwanza, nisubirini nimalize.

Leo asubuhi ndiyo siku yangu ya usaili wa chuo kikuu, wa kompyuta na falsafa kwa pamoja, kwa njia ya mtandao, mimi nikiwa hapa hapa sebuleni kwetu Korogwe. Nafasi ni chache na wanaoitaka ni utitiri. Nikiikosa, ndiyo basi tena. Mwalimu Mbelwa, aliyenifundisha hesabu, amenipa mazoezi wiki nzima. "Mishi," kasema, "wasaili hawataki umeze kila wanachosema. Wakisema la ovyo, kataa, toa hoja." Halafu akanijaribu: "Dunia ni bapa kama chapati."

"Ndiyo, Mwalimu," nikamjibu.

Akashika kichwa. Sasa mimi nifanyeje jamani? Ndivyo nilivyolelewa. Mkubwa akisema, unaitika. Ukimbishia, huna adabu, na habari zitafika kwa shangazi yako Muheza kabla hujafunga mdomo.

Basi, kwenye ndoto niko sebuleni. Juu nimevaa shati la usaili, chini khanga, maana kamera haioni chini. Kompyuta ya mjomba inakohoa.

"Karibu, binti," inasema. "Mimi ndiye msaili wa kompyuta. Mwenzangu wa falsafa yuko njiani, anapigwa pasi."

Kweli, kioo cha kompyuta kinafunguka na inatoka kanzu nyeupe, miwani imekaa juu ya kola, ndani mtu hakuna. Inajikunjakunja, inakaa kwenye kochi letu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Tuanze na jepesi. Nadhani hicho kiti ulichokalia hakipo."

"Ndiyo, Profesa."

"Nimepokea," inasema kompyuta, na kiti kinatoweka. Naanguka chini puu! Kabla ya kwisha kabisa, kiti kinaniambia, "Miaka yote nimekubeba, Mishi. Haya, asante sana."

Naigeukia kompyuta. "Mbona umekifuta?"

"Umesema ndiyo. Wewe kwako ndiyo ni adabu, kwangu ni amri. Mimi adabu sijasomea."

Mtu mwenye akili zake angejifunza hapo hapo. Kanzu ikasema macho hudanganya, kwa hiyo hata ukuta ule ni wa mashaka. Nikasema ndiyo, Profesa. Ukuta ukaenda zake, na kumbe nyuma yake ni stendi ya mabasi. Nimekaa katikati ya stendi na khanga yangu, muuza machungwa ananitazama.

"Dada, unasafiri?"

"Nasailiwa."

"Haya, Mungu akusaidie," anasema, anaendelea kumenya.

Nikaitikia mambo mengine mengi ya aibu. Paa likaenda. Jumanne ikaenda. Hata kipimo cha joto kikaenda, kukawa si baridi wala si joto, na wapiga debe wakaanza kulalamika. Moyo unaniambia, kataa wewe, unapoteza chuo! Mdomo unasema, ndiyo, Profesa.

Mara mama yangu anatokea nyuma ya basi, kabeba sinia la uji.

"Mishi, umekula?"

Kanzu inamgeukia, miwani inateremka kidogo. "Na huyu mama. Una uthibitisho gani kwamba yupo? Nadhani hayupo."

Mdomo wangu ukafunguka kwa mazoea. "Ndi..."

Kompyuta haikungoja nimalize, ikaanzia miguuni. Ndala ya kushoto ya mama ikatoweka. Mama akatazama chini. "Yaani naondoka hata uji sijaumimina?"

Wallahi niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Profesa, unisamehe sana, shikamoo tena, lakini hapana!"

Muuza machungwa akaacha kumenya.

"Toa hoja," ikasema kanzu.

"Asiyekuwepo hagombezi. Huyu ananigombeza tangu nizaliwe, hata kwa makosa ambayo bado sijayafanya. Njozi gani ina bidii kiasi hicho? Na kama tunafuta kila kisicho na uthibitisho, tuanze na wewe, Profesa. Mimi hapa naona kanzu tu."

Kola ikaanza kutetemeka. Nikajua nimekwisha, nimemliza mkubwa wa watu. Kumbe inacheka.

"Binti, tumekungoja muda wote huo," ikasema. "Kompyuta, acha kufuta."

"Nimeacha," ikajibu kompyuta. "Ila ile ndala nimeshaimaliza. Hairudi."

Nikaamka. Jua limeshatoka, na ufagio unasikika kibarazani, mara ukanyamaza.

"Mishi! Hujaiona ndala yangu ya kushoto? Nimezivua hapa mlangoni jana, zote mbili!"

Nikatoka mbio. Mama kasimama mguu mmoja kauinua, asiguse umande. Ya kulia ameikuta pale pale alipoivua, kaivaa. Ya kushoto hakuna, wala alama ya kuburutwa haipo.

"Atakuwa mbwa wa jirani," akasema. "Si ndiyo?"

Mdomo ukajiandaa kama kawaida yake. Nikaukamata.

"Hapana, Mama."

Alinitazama kuanzia utosini mpaka kwenye kucha. "Unanibishia? Asubuhi yote hii?"

"Ndiyo, Mama. Nakubishia. Na hoja ninayo."

Nikangoja kofi, au angalau jina la shangazi Muheza. Mama akaegemeza ufagio ukutani, akakaa kwenye ngazi, ule mguu mtupu akaufunika kwa khanga.

"Haya, sema, nakusikiliza," akasema. "Tena sema vizuri, maana hao wasaili wako wa chuo hawatakuwa na subira kama yangu."