Mstari wa Mama Fortunée

Sikufungua mabegi. Tangu tuingie katika kambi ile ya wanajeshi iliyoachwa, nje kidogo ya Pearland, nguo zetu zilikaa mlangoni zimefungwa na mimi nililala na viatu. Watu walinicheka. Waache wacheke, mimi kambi nimezichoka. Nilizaliwa Kivu, nikakulia kambini Tanzania, na sikuvuka bahari nije kumlea mwanangu kambini Texas.

Kimbunga ndicho kilichotupeleka pale. Maji yaliingia katika fleti zetu kule Gulfton, mwenye nyumba akafunga milango, na kodi ya nyumba zilizobaki kavu ikapanda mpaka ukiisikia unacheka. Josué, anayefanya kazi ghala moja na mume wangu Tharcisse, ndiye aliyeyaona yale mabweni matupu. Tukaingia familia chache: sisi Wakongo, na Mkenya mmoja, Celestine, anayehudumia wazee majumbani kwao. Tharcisse alikuwa ameahidiwa fleti huko Sugar Land mwisho wa mwezi. Hadi siku hiyo tulitakiwa tusionekane, basi. Tukionekana, ni barabarani na watoto.

Sheria aliitunga Celestine: gari likija, kila mtu ndani, kimya, watoto chini ya vitanda. Tuliirudia hadi Jessica wangu akaifanya mchezo.

Aliyenitia wasiwasi ni mama mkwe wangu, Mama Fortunée. Gulfton ilikuwa imemshinda. Alikaa dirishani tu, haongei. Lakini alipoyaona yale mabweni yamepangwa safu safu, na tangi la maji katikati, uso ulimchanuka. Akafagia mlangoni. Akauliza mwenyekiti wa bloku ni nani, kama vile tumerudi kambini Tanzania. Nilitoka nikauzunguka uzio mzima peke yangu kwa hasira, maana furaha yake ilinitisha.

Gari lilikuja asubuhi, wanaume wakiwa kazini. Jeupe, lina maandishi mlangoni. Wakashuka mwanamume na mwanamke wenye vizibao vya kung'aa, mwanamke ameshika karatasi na kalamu. Sisi tulikuwa tumeshajificha, hata mtoto hakukohoa. Nikageuka kumtafuta Mama. Hayupo.

Nikachungulia. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, amejifunga kitenge chake kizuri, mkononi ana kadi yake ya zamani ya mgao wa chakula kambini.

"Mama, rudi ndani!" nikanong'ona.

"Mama Jessica, leta mutoto," akajibu kwa sauti. "Batu ba kuandika bamefika. Mwenye hayuko, habatamuandika."

Mke wa Josué akatoka na watoto wake, akasimama nyuma ya Mama. Mwingine akamfuata. Celestine alikuwa anatuvuta nguo.

"Ghai! Mnapanga laini ya nini? Mmerogwa? Rudini ndani!"

Yeye hajawahi kuishi kambini. Hajui ilivyo kurudi kutoka kuchota maji ukaambiwa kuhesabu kumekwisha, na familia yako haipo.

Mimi najua. Akili yangu ilipiga kelele nikae. Miguu ikatoka, na mkono ukamshika Jessica.

"Mom, what are we waiting for?" akaniuliza. Nikamsogeza mbele yangu mstarini.

Wale wageni walikuwa wamekuja kupima majengo yabomolewe. Hawakujua kama mna watu. Mwanamke aliutazama mstari wetu wote, akababaika, kisha akaniuliza taratibu tuko wangapi. Nikamtajia majina, mkubwa kwanza, kama nilivyofundishwa utotoni. Akaandika. Halafu akasema kesho polisi watakuja kututoa, na kwamba anasikitika sana.

Gari likaondoka. Mama akanishika mkono, macho yanameremeta.

"Bametuandika?"

Nilitaka kumpigia kelele mama wa watu, na nilimpenda kuliko siku zote.

"Bametuandika, Mama."

"Bote?"

"Bote."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tufike Marekani, akaenda kutafuta sufuria ya kupokelea unga wa mgao. Mabegi yangu yalikuwa tayari mlangoni. Nikaketi juu yake, nikamsikiliza akiisugua.